Mwaka Gazeti Letu Liliposhinda Ngoma

Gazeti letu la Shinyanga lilidumu miaka mingi kuliko lilivyostahili, na mimi nilidumu nalo. Wanaoniuliza siku hizi lilidumuje hutarajia niwasimulie habari za ushujaa, kupigania ukweli na mhariri aliyelala na kalamu mkononi. Mhariri wetu alilala na mto kama watu wengine. Ukweli tuliupenda, ila hatukuwa watu wa kuuvamia. Kilichotuweka hai ilikuwa sheria moja tu, nayo ilihusu ngoma.

Mhariri alirudi nyumbani Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, akiwa na koti la jeshi, homa za vipindi, na mashine ya kudurufu aliyoinunua kwenye mnada wa vitu vya jeshi. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyekuja bara kufuata biashara ya nguo, akaoa hapahapa, akasahau kurudi. Kwa hiyo mhariri na mimi Msukuma tulikuwa watani kabla hatujajuana, na tulipojuana tulianza kazi hiyo mara moja. Alipanga chumba nyuma ya duka la vitambaa. Humo alikuwa mwenye mali, mhariri, mpiga chapa na mfukuza mbuzi. Mbuzi walipenda gazeti letu kuliko wasomaji. Wao hawakuchagua kurasa.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari Tabora, shule ya bweni, ambako nililia kila muhula ulipoanza, hata nilipokuwa tayari na ndevu. Wenzangu walikwenda Dar es Salaam, Arusha, wengine Kampala. Mimi nilishuka kwenye treni Shinyanga, nikaingia nyumbani kwa mama, nikavua viatu, na kwa maoni yangu safari zikawa zimekwisha. Mama alikuwa mjane, akiuza michembe na karanga penye kituo cha malori. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa mpaka vigongane kama kokoto, kisha vikachemshwa. Nilikaa nyuma ya kapu lake nikiwa na cheti changu, na wateja waliniheshimu kiasi, kwa kuwa nilijua kurudisha chenji.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye hakuheshimu hata kiasi. Alikuwa karani mkubwa katika mgodi wa dhahabu kule Geita, na alikuwa amenitafutia kiti ofisini kwake. Kila dereva aliyetoka huko alinipa salamu ileile: "Mjomba wako anasema kiti kinakungoja." Nilikiota kile kiti. Katika ndoto kilikuwa na mikono.

Nilipopata kazi ya gazeti, mama na mjomba walifanya mapatano bila kunishirikisha. Maadamu gazeti lipo, nakaa Shinyanga. Siku gazeti litakapokufa, napanda treni kwenda kwenye kiti. Mama alinieleza akipepeta karanga.

"Umekubali?" nikamuuliza.

"Baba, mimi nimekuzaa mara moja. Siwezi kukuzaa tena kila asubuhi nikikukuta hapo penye kapu."

Tangu siku hiyo hakuna mtu Tanganyika nzima aliyependa gazeti kama nilivyolipenda lile.

Kazi yangu iliitwa Mwandishi Wetu wa Safari. Mhariri ndiye aliyenipa cheo hicho, kwa utani, na kila mtu mjini alijua kuwa safari ndefu niliyoifanya ni kutoka kwa mama mpaka nyuma ya duka la vitambaa. Habari zilikuja zenyewe. Malori yalisimama, watu wakashuka kununua michembe: wachimbaji waliokwenda Geita wakiwa wanene na waliorudi wakiwa wembamba, wachuuzi wa dagaa wa Nkome, kule ziwani, wanawake wa Kisumbwa wenye mizigo ya mchele. Mwenye kinywa kilichojaa michembe hawezi kuondoka haraka, na akishameza anakuwa na kiu ya kusema. Niliandika hapohapo. Mhariri akapokea, akasoma akiwa amesimama.

"Mtani, umeandika kwamba Nkome mawimbi yalikuwa makubwa. Makubwa kiasi gani?"

"Kama mwenye dagaa alivyonyoosha mkono kunionyesha."

"Mtu mwenyewe mrefu au mfupi?"

"Mfupi."

"Basi andika mawimbi ya kadiri."

Hivyo ndivyo tulivyohakikisha habari. Toleo likitoka, mama alichukua yale yaliyobaki kufungia karanga, na bila kutia chumvi, yeye ndiye aliyelisambaza gazeti letu mbali kuliko mtu yeyote. Wasomaji wetu wengi walitusoma wakishamaliza karanga.

Sasa ile sheria. Pamba ikishauzwa na watu wana nafasi, kwetu ndio wakati wa ngoma. Pande mbili hukutana kwenye uwanja mmoja. Miaka hiyo upande mmoja ulikuwa wa majembe, wale wanaocheza wakirusha majembe hewani na kuyadaka. Mwingine wa nyoka, wanaocheza na chatu shingoni. Hawachezi kwa zamu. Wanacheza wakati mmoja, kila upande mahali pake, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Hakuna jaji. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana kila manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, alikuwa na mganga wake wa dawa ya kuvuta watu, na ndiyo maana pia ubishi haukuisha mpaka msimu mwingine: ukiwa ndani ya umati wako, unauona wako tu.

Wasomaji wetu nusu walikuwa wa majembe na nusu wa nyoka. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa kutotaja mshindi, na kila mwaka tuliandika: "Pande zote mbili zilicheza vizuri, na watu walikuwa wengi." Sentensi hiyo ilisomwa na kila upande kama ushindi wake. Mama, ambaye alikuwa wa majembe mpaka kwenye mifupa, alinitaka niisome kwa sauti, kisha akasema, "Unaona? Wamekubali." Mhariri hakuwa na upande, ingawa waliwahi kumwona akipigia makofi chatu.

Katikati ya miaka ya hamsini mambo yaligeuka. Treni ilianza kutuletea magazeti ya mjini, yenye picha. Letu halikuwa na picha. Lilikuwa na madoa ya wino, na ukiwa na moyo mwema unaweza kuyaona kama mawingu. Wanunuzi wakapungua. Mama akawa anapata karatasi nyingi za kufungia kuliko karanga za kufungwa. Dereva mmoja alinishukia na salamu mpya: "Mjomba wako anasema amesikia gazeti linakohoa. Kiti amekifuta vumbi."

Nilimpelekea mhariri habari hiyo nikiwa na majonzi ya kweli. Alikuwa ameshapata dawa ya kikohozi. Alinionyesha ukurasa wa kwanza, ambao wino wake ulikuwa haujakauka. Ulisema kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, gazeti litatangaza mshindi wa ngoma, na kwamba Mwandishi Wetu wa Safari atakuwapo yeye mwenyewe uwanjani, Ibadakuli.

"Nani atakuwapo?" nikauliza.

"Wewe."

"Mwenyewe?"

"Sasa utatuma kivuli?"

"Bwana Mhariri, mshindi mmoja akitangazwa, nusu ya wasomaji wanaondoka."

"Nusu yenyewe imeshaondoka. Natafuta itakayobaki."

"Kwani lazima niende? Watu wakipita kwa mama watanieleza."

Alinitazama kwa huruma. "Mtani wangu, kutoka hapa mpaka Ibadakuli kuku wa mama yako anaenda kutaga na kurudi."

Nilikwenda. Mama alinipa kigoda, mwavuli, na michembe iliyofungwa katika kitambaa, na kwa jinsi alivyoniaga ungedhani navuka bahari. "Ukiona majembe yameshinda, andika," alisema. "Ukiona hayakushinda, kohoa kidogo kisha tazama tena."

Uwanja ulikuwa umejaa. Gazeti lilikuwa limesomwa kuliko tulivyofikiri, au angalau limesomewa watu. Manju wa majembe, pande la mtu mwenye njuga mpaka magotini, alikuja kunisalimia. Manju wa nyoka naye akaja, mwembamba, na chatu wake akanitazama kama anayenisoma. Kila mmoja alinionyesha mahali ambapo ningeona vizuri zaidi. Ngoma zikaanza.

Sikujua, wala nadhani hakuna aliyejua, kwamba watu wote pale uwanjani walikuwa wamefikiri jambo moja. Mshindi ni yule mwenye umati. Lakini mwaka huu umati ni ule atakaouona huyu mwenye kalamu. Basi kuna faida gani kusimama mbele ya majembe kama mwandishi hakuoni? Nilipogeukia majembe, watu wa nyoka waliondoka kwao wakaja kusimama karibu nami, ili wahesabike. Nilipogeukia nyoka, wa majembe wakafanya vivyo hivyo. Wasiokuwa na upande walipoona watu wanakimbilia mahali, nao wakakimbilia, kwa sababu penye watu pana jambo.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Mbona hana ngoma?"

"Ngoma yake iko kwenye karatasi."

Nikaona sipati hewa. Nikajitoa pembeni, mbali na pande zote mbili, nikaweka kigoda chini ya mwavuli ili mambo yatulie. Umati ukanifuata. Nikafungua kitambaa nikaanza kula michembe, wakanyamaza kutazama. Nikachonga kalamu kwa wembe. Wa mbele wakawaeleza wa nyuma kwamba anachonga. Wakati huo majembe yalikuwa bado yakiruka hewani na chatu bado anavishwa na kuvuliwa, lakini waliokuwa wakiwatazama walikuwa wapiga ngoma wao wenyewe. Kwanza ngoma moja ikalegea, kisha nyingine. Manju wawili wakasimama, jasho likiwatoka, wakatazama uwanja wote ukiwa umenizunguka mimi na kitambaa changu cha viazi.

Bibi kizee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, "Basi. Gazeti limeshinda."

Na kwa sheria ya ngoma hakukuwa na rufaa. Umati ni umati.

Kesho yake asubuhi manju wote wawili walikuja nyuma ya duka la vitambaa. Walikuwa hawajawahi kuonekana wakitembea pamoja. Walitusalimu vizuri, wakakaa, wakatazama chumba chote.

"Tunataka kumjua mganga wenu," alisema wa majembe.

"Hatuna mganga," mhariri akajibu.

"Mzee, tuheshimiane. Mtu hachezi, haimbi, amekaa chini anatafuna, anauvuta uwanja mzima. Halafu hana mganga."

"Labda ni wino," alisema wa nyoka, akinusa chupa.

"Wino nanunua dukani."

"Alikuwa anakula nini?" akauliza wa majembe polepole, na wote wawili wakanigeukia.

"Michembe," nikasema. "Ya mama."

Wakatazamana, wakaaga. Tangu mchana wa siku ile kapu la mama halikulala na kitu. Watu walitoka vijiji vya mbali kununua michembe ya kuvuta watu: mwenye duka lisilo na wateja, kijana anayechumbia, mhubiri mmoja ambaye alituma mtu mwingine. Mama alipokea fedha zao bila kukubali wala kukana. "Miaka yote wananung'unika kwamba napika mawe," aliniambia. "Sasa mawe ni dawa. Nyamaza ule."

Mhariri naye aliandika kichwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuandika: GAZETI LASHINDA NGOMA. Toleo lile lilizungushwa mashineni mpaka stensili ikachanika. Wa majembe walilinunua kwa sababu nyoka hawakushinda, na wa nyoka walilinunua kwa sababu ileile kinyume chake. Nikajiona nimeokoka. Nilivua viatu tena.

Nilikuwa nimesahau kwamba mshindi wa ngoma hakai. Aliyetwaa uwanja huletewa changamoto, na akiletewa lazima aende. Manju wetu wawili, kwa mapenzi mema kabisa, walikuwa wameeneza sifa zetu. Changamoto ilitoka Geita, kwa wacheza ngoma wa mgodini.

"Gazeti halikimbii," alisema mhariri.

"Halina miguu," nikasema. "Mwenye miguu ni mimi."

"Ndiyo, nimeona hilo."

Nilikwenda kwa mama nikaipima hali. Tukikataa, tutaitwa wezi wa umati, hakuna atakayetununua, gazeti litakufa, na mimi nitapanda treni kwenda Geita. Tukikubali, nitapanda treni kwenda Geita. Niligeuza mambo huku na huku, na kila upande ulikuwa na treni.

Basi nikaenda, treni mpaka Mwanza, nikavuka maji ya ziwa, halafu lori. Kuhusu yale maji nitasema tu kwamba mwenye dagaa alikuwa mfupi mno. Mjomba alinipokea akiwa na kaptura iliyopigwa pasi kali na soksi zilizofika magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Njoo uone kiti."

Kiti kilikuwepo kweli. Kilikuwa na mikono, kama ndotoni. Kiliwekwa kando ya dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na mtambo wa kusaga mawe ambao haukupumzika hata mtu alipokuwa anakusalimia. Makarani waliinuka kunipa mkono. Mjomba alikuwa amewaeleza kuhusu Ibadakuli, na kama kawaida ya ndugu, umati wangu alikuwa ameuongeza.

"Kesho ukishinda," aliniambia tukitoka, akipaza sauti juu ya mtambo, "wakubwa wote watakujua. Hapo nitasema neno moja tu, na Jumatatu unakaa. Shinyanga utatuma salamu."

"Na nikishindwa?"

"Watu wetu hawashindwi," akasema, na hakutaka tena kuzungumza habari hiyo.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo sidhani manju yeyote amewahi kulifanya kabla ya mashindano. Niliomba nishindwe. Hofu yangu ilikuwa moja: kama kweli michembe ya mama ni dawa, nimekwisha. Nilifikiria kuila yote kitandani, lakini ilikuwa mingi.

Siku ya pili nikaweka kigoda pembeni mwa uwanja, nikafungua mwavuli, nikachukua kalamu. Mjomba alisimama nyuma yangu kama mtu anayepigwa picha. Lakini Geita haikuwa Ibadakuli. Pale palikuwa na Wazinza, Wasumbwa, Wahaya, Wanyamwezi, watu wa pwani, watu waliokuja kutafuta dhahabu kutoka kila upande, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akisoma gazeti letu. Hawakuwa na shauku yoyote ya kuonekana nami. Kijana mmoja alisimama akatazama michembe yangu.

"Unauzaje?"

"Siuzi."

"Sasa umekaa hapo kufanya nini?"

Nikamwonyesha kalamu, akaenda zake. Ngoma za mgodini zikaanza. Walicheza kwa sururu badala ya majembe, wakizirusha juu zinameremeta, na wimbo wao ulikuwa wa Kisukuma, wa kulimia, wa kwetu kabisa. Watu wakamiminika huko. Nilisikia nyuma yangu kiatu kinagonga ardhi kwa mapigo. Kilikuwa cha mjomba. Miaka mingapi hakuwa amesikia wimbo ule mashambani, sijui. "Nakuja sasa hivi," alisema, akaondoka akitembea kwa heshima ya ofisi; alipofika katikati akaacha kutembea kwa heshima.

Nilibaki peke yangu na mwavuli. Sijawahi kuwa na furaha kama ile mahali pa ugenini. Nilikula michembe yote bila mtu yeyote kunitazama.

Mjomba alirudi jioni, soksi zimeshuka, shati limelowa.

"Umeniaibisha," alisema, akihema.

"Ndiyo, mjomba."

"Ofisi nzima imekuona umekaa kama mtu aliyesahauliwa na lori."

"Ndiyo, mjomba."

"Siwezi kukuweka pale dirishani wakakucheka mpaka uzeeke. Kiti nitampa mtu mwingine."

"Sawa, mjomba."

"Na uache kutabasamu ninapokukemea."

Nilijitahidi. Alinisindikiza mwenyewe mpaka kwenye lori, akanipa samaki wa mama, akaniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, kama kule nyumbani bado wanaimba ule ubeti wa mwisho. Nikamwambia wanauimba. Hakuleta tena salamu za kiti.

Shinyanga habari zilikuwa zimenitangulia, maana malori ni yetu. Manju wawili walikuja kunipa pole wakiwa na nyuso za sikukuu. Gazeti lilikuwa limeshindwa, uwanja umerudi kwao, na gazeti lililoshindwa si mpinzani wa mtu; unaweza kulinunua kwa moyo mweupe. Wakalinunua, na watu wao pia. Michembe ya mama ikarudi kuwa mawe. Alisikitika kwa siku chache, kisha akasema afadhali, wale wachumba walikuwa wanakuja kudai fedha zao.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesafiri kweli, na niliketi nyuma ya kapu nikaandika safari yote: maji, lori, mtambo, sururu zikimeremeta. Nilimpelekea mhariri karatasi nyingi. Alizisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akafuta zote, akaacha mstari mmoja: "Gazeti lilikwenda Geita, likashindwa, likarudi."

"Kwa nini, Bwana Mhariri? Haya nimeyaona kwa macho yangu."

"Ndiyo shida yake. Kule Nkome ambako hukufika uliandika vizuri zaidi." Akanirudishia karatasi, za kufungia karanga. "Rudi kwa mama yako, mtani. Malori ya asubuhi yameshafika."

Msimu uliofuata ngoma zilichezwa tena Ibadakuli. Sikwenda. Niliandika nikiwa nyumbani, miguu mitupu, kwamba pande zote mbili zilicheza vizuri, na watu walikuwa wengi. Na mama akataka nimsomee kwa sauti.